Dawa ya Mtoto wa Jirani

Jumanne moja ya mwezi wa Machi nilimpoteza binti yangu. Alikuwa na miaka mitatu.

Alianza na homa, akakataa uji, mate yakawa yanamtoka kwa sababu kumeza kulimuuma. Mama mkwe alimchungulia kooni. "Mayu, mama, hiki ni kimeo. Kikatwe." Hata mimi nilikatwa kimeo utotoni, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwa hiyo sikubisha. Nilimpeleka mwenyewe kwa mkataji, nyuma ya soko la Katoro. Nilimshika kichwa. Damu ikakataa kukata. Tulifika hospitali ameshakata roho. Nilipouliza, muuguzi alisema yalikuwa mafindofindo. Yangetibika kwa dawa ya maji, mradi mtoto ainywe mpaka siku ya mwisho, hata akishapata nafuu.

Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani, tuliyepanga naye nyumba moja, aliugua vilevile. Yeye alimpeleka wake zahanati. Matanga yalipoanuliwa nikamkuta mtoto yule uani, anapiga ndoo kwa mwiko. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

"Dawa ameiacha," jirani aliniambia, anachambua dagaa. "Ugali anakula kunishinda. Akiona kijiko anakimbia kama kaona polisi. Nikamwambia haya, umeshinda."

Nilijua la kumwambia. Nikanyamaza. Moyoni nilisema, na augue tena, tulingane. Kwa nini apone wake tu? Nilinyamaza siku ile na kesho yake. Kila mtoto alipokohoa ng'ambo ya ukuta nilitega sikio, na sikuwa namwombea.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa mlangoni, mtoto akaja akaegemea goti langu. Alikuwa wa moto.

Nikamwita mama yake. "Ile dawa ilitakiwa aimalize. Niliambiwa hospitali."

"Lini?"

"Siku niliyofiwa."

Akamgusa mtoto shingoni, akaacha mkono palepale. "Na juzi nilipokwambia kaiacha?"

"Nilikuonea wivu."

Hakunitukana. Alimbeba mtoto mgongoni, akakaza kanga, akachukua chupa yenye dawa nusu kwenda kuionyesha zahanati. Nikainuka nimsindikize.

"Wewe baki, dada," akasema.

Nikabaki.