Vumbi la Madirisha ya Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini Same, mkuu wangu, mtu wa kaunda suti, alinieleza kazi kwa maneno machache. "Bibi Afya, kwetu ni vyoo, visima na bucha. Hayo yakienda sawa, tumemaliza."

Nilikagua vyoo miaka mingi, kuanzia kwa wafugaji wa tambarare mpaka milimani. Kisha nikahamishiwa Gonja, na huko nikajua kuwa hatukuwa tumemaliza.

Nakunda alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Mama yake, muuza tangawizi, alipanga nyumba kuukuu yenye madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka. Tumbo lilimsokota mtoto, akapauka, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea. Dawa za minyoo hazikusaidia. Nilipofika nilimkuta dirishani akibandua magamba ya rangi na kuyatia mdomoni.

"Anayapenda," mama akasema. "Anasema ni matamu."

Ni matamu kweli. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, madini mazito, ili zikauke upesi na kudumu. Zikizeeka huwa vumbi, na mtoto hulilamba vidoleni. Risasi huingia kwenye damu, ikafika kwenye ubongo, na inachokiharibu huko hakirudi.

Daktari alituma damu Dar es Salaam. Majibu yakathibitisha kuwa ni risasi. Mwenye nyumba alipoambiwa, akaleta fundi akwangue madirisha kwa msasa, makavu, mtoto akiwa ndani. Nikamsimamisha fundi. Rangi ile hulowanishwa kwanza, watoto wakiwa mbali, na vumbi hufutwa kwa kitambaa kibichi, si kwa fagio.

"Mimi nimekulia humu," mwenye nyumba akasema. "Mbona sijafa?"

"Sikuja kwa ajili yako, mzee. Nimekuja kwa huyu."

Mkuu wangu akanipigia simu. "Yule ni mzee wa kanisa, anaheshimika. Usimdhalilishe."

"Na Nakunda, mkuu? Yeye haheshimiki?"

Akakata simu.

Mama Nakunda alihamia kwa kaka yake, kijiji cha Bombo. Mvua za vuli hazijaisha, nikapita kwenye nyumba ile ya Gonja nikakuta familia nyingine, yenye mtoto anayetambaa. Mzee alikuwa amepaka rangi mpya juu ya ile ile. Sikumpigia mkuu. Nilimshtaki mzee yule mahakamani, nikasimama mbele ya hakimu na kusema yote, na madirisha yale yakang'olewa kwa amri. Kanisani hatukusalimiana tena. Sijutii.

Sasa nimestaafu. Vijana mnaoingia kazini huniambia nipumzike, hasira si nzuri kwa umri wangu. Nipumzike vipi, na nyumba za namna ile bado zinapangishwa, na mwenye duka la rangi nikimuuliza kama ina risasi ananijibu kwamba rangi ni rangi?

Juzi nilikwenda Bombo. Nakunda sasa ni binti mrefu, mwenye afya ya mwili. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, bibi," akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Mama yake alikuwa bado anamimina chai, Nakunda aliponiuliza tena jina langu.