Kaka Alisema Kazi Zipo

Siku ya Pasaka, mwaka wa pili tangu ugonjwa uingie, kaka yangu aliniambia mbele ya mama kwamba sikupoteza kazi, kwa sababu sikuwahi kuwa nayo.

Tulikuwa nyumbani Isansa, sebuleni kwa mama, watu wanne tu: mama, kaka, mke wake na mimi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu tutoke kanisani, na bati lilipiga kelele kiasi kwamba kila aliyetaka kusema ilibidi apaze sauti. Labda hilo nalo lilichangia. Maneno ambayo siku nyingine yangesemwa chini chini, siku ile yalitoka kama amri.

Yalianza kwa swali dogo. Mama aliniuliza kama wageni wameanza kurudi. Nikamjibu kwamba tangu mwaka uliopita sijapokea gari hata moja. Nilipaswa kuishia hapo, lakini nilikuwa nimekaa na uchungu muda mrefu, nikaendelea. Nikasema ugonjwa huu umetumaliza, na wanaosema mambo yameshakaa sawa waje Hasamba wawaone akina mama waliokuwa wakinipikia wageni, waone wanaishije.

Kaka akaweka kikombe chini. Akasema watu wamepata kisingizio. Pale Tunduma malori yamepangana kutoka mpakani mpaka Mpemba, mizigo ya Zambia na Kongo inapita usiku na mchana, mafundi wa tairi hawana nafasi ya kukaa, na wenye nyumba za kulala wageni wanakataa watu. Anayetaka kazi anaipata. Anayekaa kusubiri wazungu watoke mawinguni asiseme amefukuzwa na ugonjwa.

Kaka amenizidi miaka kumi. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenisomesha, na nyumbani neno lake lilikuwa ndilo la mwisho. Alifanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha Tunduma, wale wanaoshughulikia karatasi za mizigo ili lori livuke. Kijijini alijulikana kwa mashati yake, yaliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Akija, wazee walimpisha kiti.

Kazi yangu mimi haikueleweka sana. Nilisomea utalii kozi fupi Mbeya, nikaajiriwa na kampuni ndogo iliyopokea watalii wanaotoka kusini. Walikuja na yale malori marefu yenye viti kama basi na madirisha makubwa. Niliwangoja upande wetu wa mpaka wakitokea Nakonde, wamechoka kwa foleni na mihuri, nikawapeleka Mbozi kuona kimondo, lile jiwe lililoanguka kutoka angani, kisha Hasamba kwenye mashamba ya kahawa. Huko akina mama watano waliwapikia chakula cha mchana: ugali, maharage, kuku wa kienyeji, ndizi. Mmoja wao, mjane, alijenga jiko la pembeni kwa ajili ya wageni hao, la matofali ya kuchoma, na akalisakafia mwenyewe.

Kundi la mwisho nalikumbuka vizuri. Walikula kimya, kila mmoja anaangalia simu yake. Wakati wa kuagana, mama mjane alimpa mkono mwanamke mmoja wa makamo, na yule mwanamke akarudisha wake nyuma. Mjane alidhani amedharauliwa, akaniuliza amekosea nini. Wiki mbili baadaye kila mtu alijua kwamba ugonjwa umeingia. Mwenye kampuni alinipigia akasema nikae nyumbani mpaka atakaponiita. Hakuniita tena, na namba yake ikaacha kupatikana.

Basi ile Pasaka, kaka aliposema habari ya kusubiri wazungu, nilimwambia hajui anachosema. Naye akanijibu taratibu, kama anamfundisha mtoto:

"Kuwaonyesha watu jiwe si kazi, mdogo wangu. Yalikuwa matembezi. Matembezi yamekwisha."

Niliona mama anainama. Nikasema neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu aliyenizidi umri, sembuse yeye. Nilimwambia amekaa kwenye kiti cha ofisi mpaka amesahau watu, na kwamba siku atakayofukuzwa yeye ndipo tutaongea lugha moja.

Hakufoka. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alitazama mlango. Wifi yangu alikuwa anakunja na kukunjua kona ya kitenge chake. Mama akatuambia kwa Kinyiha tunyamaze sote wawili, lakini kaka alikuwa ameshasimama na kuchukua koti lake. Akatoka kwenye mvua, mke wake akamfuata.

Hatukuongea tena. Hakupiga simu, nami sikupiga. Mama alijaribu mara mbili kutupatanisha kwa kutuma salamu, akakata tamaa.

Mwezi wa sita yule mjane alinifuata akaniambia kwamba ndugu yake yuko Saza, kwenye machimbo ya dhahabu, na kuna watu wengi wanaohitaji chakula. Tukafunga sufuria zetu tukaenda. Nilijiambia nakwenda kwa muda tu. Tulipata kibanda cha maturubai karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, ambayo hunguruma tangu asubuhi na kutimua vumbi jeupe linaloingia mpaka kwenye chumvi. Wachimbaji walikuja kwetu saa sita wakiwa weupe kuanzia nyusi hadi miguu. Mwanzoni niliona wote wanafanana.

Wiki ya tatu, nikiwa napakua wali, mkono ulinyooshwa na sahani. Kucha zilikuwa zimepasuka na kidole gumba kimefungwa kitambaa. Nikajaza sahani kabla sijainua macho. Alikuwa kaka yangu.

Nafikiri naye hakuwa ameniona mpaka pale, kwa sababu nilikuwa nimejifunga kanga mpaka puani kuzuia vumbi. Tulitazamana. Nyuma yake walisimama wanaume kama kumi na watano wenye njaa. Mdomo wangu ukafanya ulichozoea tangu utotoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akasema, akachukua sahani, akaenda kukaa mbali, kwenye rundo la viroba, akinipa mgongo.

Wali wa aliyefuata ukanimwagika, na mjane akaninyang'anya mwiko bila kuuliza. Nilimngoja kaka amalize kula. Hakula. Alikaa ameshika sahani mpaka foleni ikaisha, ndipo nikamfuata.

Aliniambia habari yake kwa sentensi fupi fupi, akiangalia chini. Ofisi yao ilikuwa na watu saba. Ugonjwa ulipoingia, wenzetu wa ng'ambo wakafunga mpaka kwa siku kadhaa, na ulipofunguliwa madereva wakawa wanasubiri vipimo, mwenye ofisi akawaambia watano wapumzike. Yeye alikuwa mmoja wao. Ile Pasaka aliyoniambia sina kazi, alikuwa na miezi kumi hajakanyaga ofisini. Kila Jumatatu alivaa shati lililopigwa pasi, akamuaga mke wake kwamba anakwenda kufuatilia mizigo, akapanda gari la kuja huku. Shati alilihifadhi kwenye mfuko wa nailoni.

Nilidhani nitamhurumia. Nilichosikia kifuani kilikuwa hasira. Nilimuuliza kwa nini alinidhalilisha mbele ya mama na hali anajua.

"Nilisema kazi zipo," alijibu. "Mimi hapa niko kazini."

"Kaka, ugonjwa umekutoa ofisini."

Hapo akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile nikamwona kaka ninayemjua. Akasema sijui chochote. Mambo ya forodha yalikuwa yameshahamia kwenye kompyuta, mtu mmoja alikuwa anaweza kufanya kazi ya wanne, na mwenye ofisi alikuwa anatafuta namna ya kuwapunguza muda mrefu. Ugonjwa ulimpa sababu ya kusema hadharani. Malori yalirudi baada ya wiki chache, yeye hakurudishwa. Sasa huo ni ugonjwa gani?

"Usiniweke kwenye hesabu yako," alisema. "Wewe ulipigwa na ugonjwa. Mimi nilipigwa na mtu."

Nilikuwa nimembebea jibu tangu Pasaka, lakini halikuwa la swali hilo.

Kisha akaniomba nisimwambie mke wake wala mama. Nilimwambia sitasema, ila aseme mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Akaniambia simpangii. Tukaachana hivyo, na siku tatu zilizofuata alikula kwa mama lishe mwingine.

Siku ya nne, mchana, wifi alinipigia. Alianza na salamu za kawaida, za mama, za watoto, za baridi, na mimi nikajua anazunguka. Mwishowe akauliza kama kaka amenitafuta siku hizi. Nikasema nimemwona, ni mzima.

"Umemwona wapi, wifi?"

Karasha lilikuwa linanguruma nyuma yangu. Ningeweza kusema Vwawa, ningeweza kusema Mlowo, na angeniamini au angejifanya ameniamini. Akasikiliza ule mngurumo kwa muda, na mimi nikausikia pamoja naye.

"Atakwambia mwenyewe," nikasema, nikakata simu.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye duara, shimo walilokuwa wakichimba, nikamngoja apande. Nilimwambia nilichofanya. Wenzake walikuwepo, kwa hiyo hakusema kitu, lakini alishika kamba kwa nguvu mpaka mishipa ya mkono ikasimama, na nikarudi nyuma hatua moja. Sijawahi kumwogopa kaka yangu hivyo kabla ya pale wala baada ya pale. Akanawa uso kwenye ndoo, akachukua mfuko wake wa nailoni, akaondoka siku hiyo hiyo bila kuniaga.

Yaliyotokea Tunduma nilisimuliwa na wifi miezi baadaye. Kaka alimkuta anachambua mchele jikoni. Akasimama mlangoni akasema yote bila kukaa. Wifi hakulia. Alikuwa ameshajua kuna kitu tangu alipoona kucha zake, ila alidhani ni mwanamke mwenye shamba. Kaka alipomaliza, wifi alimuuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo mwaka mzima nimepiga pasi mashati ya nani?"

Walikaa siku nyingi wakiongea ya lazima tu: chumvi, maji, ada ya mtoto. Wifi aliacha kumpigia pasi, na mpaka leo hampigii. Anapiga mwenyewe.

Kwa mama alikwenda wakati wa mavuno. Nilikuwa nimesharudi kutoka Saza kwa kikohozi, kwa hiyo nilikuwepo. Alimwambia tukiwa kwenye vichanja, watu watatu tunageuza kahawa juani. Mama aliendelea kugeuza. Baadaye akasema mibuni ya chini bondeni haijapogolewa misimu miwili, kama ana nafasi. Kaka akachukua mkasi akashuka. Alikaa Isansa mpaka mvua zikaanza, akilala chumba chake cha ujanani, na mimi na yeye tukawa tunakula sahani moja kwa sababu mama alipakua hivyo makusudi.

Hakuniomba radhi kwa yale ya Pasaka, nami sikumwomba kwa ile simu. Ila siku moja, tukibeba viroba kwenda kupima, aliuliza wale akina mama wa Hasamba sasa wanafanya nini. Nikamwambia: mmoja anauza vitenge Tunduma, mmoja amehamia kwa binti yake, mmoja amefariki, hatukuambiwa kwa nini. Mjane bado yuko Saza. Wa tano analima, kama alivyokuwa akilima kabla yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema yule aliyefariki anamkumbuka, kwamba siku moja alimpa lifti kwenye gari la ofisi.

Alirudi Tunduma mwaka uliofuata. Jirani yake, msafirishaji aliyetoka Tanga zamani, ambaye wanafuturishana na kualikana Krismasi, alimpa kazi ya kufuatilia karatasi za malori yake. Wageni nao wameanza kuja, wachache, kwa magari madogo. Nawapokea mwenyewe bila kampuni. Wanakula kwenye jiko la yule mjane, nimelikodi, naye hutuma watu kuangalia kama sakafu iko salama.

Mwaka jana binti mmoja wa chuo alifika Isansa na maswali yake kuhusu ule wakati. Alitukuta kaka na mimi kibarazani. Aliuliza familia yetu iliathirika kiasi gani kwenye ajira: kidogo, wastani au sana. Kaka akasema kidogo. Mimi nikasema sana. Binti akatutazama, kalamu imesimama, akauliza aandike lipi maana fomu ina nafasi moja. Kaka akaanza kumweleza habari ya kompyuta za forodha, nami nikamkatiza kumweleza habari ya mkono uliorudishwa nyuma, na tukajikuta tumepaza sauti mpaka mama akatoka jikoni. Safari hii hakuna aliyesimama kuondoka. Binti aligeuza fomu, akaanza kuandika upande wa nyuma.