Hasira za Msichana wa Musumba

Miaka ile nilikuwa nafundisha matenele, wale watoto wadogo kabisa ambao bado wanasinzia mchana, katika mtaa mmoja wa Kolwezi kando ya barabara ya Mashamba. Kuta za darasa letu zilipakwa bluu hadi usawa wa kiuno. Juu yake vumbi jekundu lilijichorea lenyewe kila kiangazi, hata tukifunga madirisha. Harufu yake bado naikumbuka: chaki, uji, na udongo mbichi wa kichuguu ambao watoto waliufinyanga asubuhi.

Katikati ya mwaka aliletwa msichana wa miaka minne hivi, kutoka Musumba. Baba yake alikuwa ametangulia kuja kuchimba shaba, kisha akaiita familia. Bibi yake alimwachia mkono mlangoni, akaondoka.

Alianza vizuri. Alifinyanga chungu kidogo, kimya, ncha ya ulimi ikiwa nje. Nikapiga makofi ili tuweke udongo kando tuimbe, nikakichukua chungu chake nikianike dirishani. Hapo alijibwaga chini. Alilia hadi sauti ikakatika, akapiga teke ndoo ya maji, na nilipojaribu kumwinua, akaniuma mkono.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Wenzake waliziba masikio. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alinivuta pembeni.

“Mama mwalimu, ule mutoto iko na kasirani ya mashetani. Afunze kwanza adabu kwabo.”

Nilipomweleza mkuu wetu wa shule, aliniuliza swali moja tu: “Mbele ya kulia, anakuwaka anafanya nini?”

Nikaanza kuangalia. Niligundua kwamba hasira ilikuja kila alipoambiwa aache kitu alichokuwa bado anakifanya. Na kabla ya kilio, alinong’ona neno fulani, akalirudia. Awali sikulisikia kwa sababu masikio yangu yalitafuta Kiswahili au Kifaransa. Kwetu ni Kasai. Kiruund, lugha ya kwao Musumba, kilinipita.

Jioni nilienda kwao. Bibi alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mjukuu akakimbilia kujificha nyuma ya kikwembe chake. Niliketi, nikaliiga lile neno nilivyoweza. Bibi aliacha mchi, akacheka hadi akajifuta machozi.

“Anakuambia ngoja, mama. Ngoja kidogo, bado haiyaisha.”

Nilihisi uso ukinichoma. Mtoto alikuwa ameniomba kwa adabu, kila mara.

“Na kama analia, munafanyaka nini?” nikauliza.

“Hatumushike. Mi naikala tu karibu yake. Kama iko na kasirani, haisikie muntu. Ikiisha, namupa maji.”

Kabla sijaondoka alinifundisha maneno machache: ngoja, bado, nimekasirika.

Kesho yake, kabla ya kupiga makofi, nilichuchumaa kando ya yule msichana. Nikamwambia kwa Kiruund angoje kidogo, amalize, halafu tuimbe. Alinitazama kana kwamba mbuzi amesema. Kisha akanisahihisha. Nikarudia, akanisahihisha tena, kwa uso mkali wa mwalimu. Akalainisha mdomo wa chungu chake, akainuka, akakipeleka dirishani mwenyewe.

Si kwamba kilio kiliisha. Zilikuwapo siku mbaya. Siku hizo nilikaa kwenye sementi karibu naye, bila kumgusa, wenzake wakiendelea kuimba, hadi pumzi yake ikatulia. Nilimpa maji, bila mahubiri. Mvua zilipoanza, darasa zima lilikuwa linatumia neno lake. Waliponyang’anyana mpira, wa Kiluba na wa Kibemba wote walipiga kelele ya “ngoja” kwa Kiruund.

Shule ile haipo tena. Uwanjani mwake sasa huegeshwa malori. Mwaka jana sokoni, msichana mrefu mwenye blauzi nyeupe ya shule aliniita. Sikumtambua hadi aliponitajia kwao, Musumba.

“Bibi anasemaka nilikuwa nakasirika sana. Ni kweli, mama mwalimu?”

“Sana.”

“Mi sikumbuke hata kidogo.”

Alisema hivyo kwa furaha, akanipokea kapu la mchicha, akanisindikiza hadi penye pikipiki. Njiani alinieleza habari za bibi, aliyerudi Musumba kulima mihogo, na jinsi yeye atakavyomfuata likizo, barabara ikikauka.