Disk Niliyoichagua Mwenyewe

Admin, naomba ufiche jina langu.

Sauti isiyonitoka kichwani ni pumzi yangu mwenyewe kwenye maikrofoni. Hakuna neno. Pumzi tu, halafu ukumbi mzima unacheka.

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Kibakwe, nimeolewa, naishi Dodoma mjini na mume wangu na mama yake. Mwaka jana nilialikwa kwenye mdahalo uliorushwa moja kwa moja na televisheni. Ili nyumbani waurekodi, nilichagua disk mwenyewe. Flash zilikuwa zinakwamisha picha, nikanunua disk kubwa ya kuchomeka kwenye king'amuzi, yenye waya wake wa umeme. King'amuzi kiliifomati kwa namna yake, kompyuta haiisomi, kwa hiyo kilichomo hakinakiliki.

Kwenye mdahalo niliulizwa swali la kwanza, maneno yakanikimbia.

Tangu hapo kila mgeni anayekuja nyumbani anaonyeshwa rekodi hiyo. Mume wangu anarudisha nyuma, anasimamisha. "Subirini, hapa ndipo anapomeza mate!" Rafiki yake ananigeukia: "Shemeji, tumekupa mwaka mzima, jibu bado halijapatikana?" Wanacheka hadi wanapigana mabegani. Mama mkwe peke yake humwambia mwanawe, "Baba, zima hiyo, mwenzio anaumia."

Nilimsihi mume wangu aifute. Akaweka namba ya siri. Kisha akaniambia wazazi wangu wakija Jumapili atawawekea. "Baba yako naye aone ada yake ilikokwenda."

Baba aliuza ng'ombe ili nisome.

Kwenye disk hiyohiyo kuna kwaya ya mama mkwe, siku pekee waliyoonyeshwa kwenye televisheni. Yeye yuko mstari wa mbele. Kila akitoka kanisani huniambia, "Mkamwana, niwekee tuimbe." Hakuna nakala nyingine.

Jumamosi nilibaki peke yangu. Kufuta kipindi kimoja kunadai namba ya siri, kufomati disk nzima, yaani kufuta vyote vilivyomo, hakudai chochote. King'amuzi kiliniuliza kama nina uhakika. Nilimfikiria mama mkwe mstari wa mbele, rimoti mkononi.

Jumapili wazazi wangu walikuja; baba akala, akaondoka akiwa na furaha. Mume wangu anaamini disk imeharibika. Mama mkwe, niliyemwambia disk iko kwa fundi, kila asubuhi ananiuliza, "Fundi amesemaje?" Jana alisema anaiombea.

Nishaurini nimwambie vipi mama huyu. Kama nilistahili kubonyeza Ndiyo, hilo siwaulizi. Nilibonyeza, na baba yangu alipokuwa mezani Jumapili ile sikujuta.