Isale Lililoitwa Mche

Nilifunga safari kwa sababu ya picha. Nikiwa kwenye foleni ya benki hapa Dodoma, niliokota mezani kitabu cha karatasi za kung'aa, ambamo kampuni moja kubwa ya mashamba ilieleza mchango wake wa kiuchumi kwa wadau. Katikati alikuwemo shangazi yangu Yuditha wa Kibosho, ameshika jani kwa mikono miwili. Chini waliandika: "Mdau akipokea mche kutoka kwa kampuni." Kwetu Wachagga lile si mche wa kugawiwa. Ni isale, jani la kuombea msamaha, na limejaa kwenye mpaka wa kila kihamba, shamba la ukoo. Nilitaka kujua walimwomba msamaha wa nini.

Moshi niliingia jioni, nikalala Majengo kwa rafiki yangu fundi cherehani. Nilimwonyesha picha, akacheka mpaka akaweka pasi pembeni. Mimi sikucheka.

Asubuhi nilipanda Kibosho kwa bodaboda, barabara yote mawe na matope. Nilipokaribia kwa shangazi nikaanza kuelewa. Mfongo, ule mfereji wa mababu unaoshusha maji kwenye migomba, ulikuwa mkavu na umeota nyasi. Mikungu yake ilikuwa midogo ya kutia huruma.

Shangazi aliitikia shikamoo yangu, akanipa mtori kwanza, ndipo akakubali kuulizwa. Kampuni ilichepusha maji huko juu, ikayapeleka kwenye mashamba yake. Alikwenda kulalamika mpaka wakamchoka. Mwisho mtu wao mmoja, mzaliwa wa hapahapa, akawafundisha njia: mpelekeeni isale. Wakaja na magari mawili na mpiga picha, wakaahidi maji yatarudi.

"Ukapokea?"

"Isale halikataliwi, baba. Hata aliyekuulia ndugu akija nalo, unapokea."

"Na maji?"

"Nikidai tena, mimi ndiye niliyevunja msamaha. Nangoja wakumbuke wenyewe."

Nilikasirika, na sitaficha, nilimkasirikia hata yeye. Mwanamke mzima anakaa anaitazama migomba yake ikifa, eti ana adabu. Nikamwambia mimi sikupokea jani la mtu, nitakwenda kuwadai mwenyewe. Hakunizuia. Nadhani ndicho alichokuwa anakingoja.

Mchana huohuo niliteremka mjini hadi ofisini kwao. Alinipokea kijana wa mahusiano, mstaarabu, akaniagizia chai. Nilimweleza isale ni nini. Alishangaa kweli, akaahidi kusahihisha maneno chini ya picha. Kuhusu maji akasema hiyo ni idara nyingine, na mkuu wa idara hiyo yuko safarini. Basi nikamwambia angalau waandike ukweli, kwamba mama huyu ndiye aliyewapa wao kitu: aliwapa msamaha.

"Kaka, taarifa hii inaonyesha tulichotoa," alisema. "Tulichopewa hakina sehemu yake."

Akafikiri kidogo, uso ukamkunjuka.

"Lakini hiyo desturi ni nzuri sana. Tunaweza kurudi kwa mama na isale jingine, tukapiga picha upya, safari hii tukaieleza vizuri."

Chai yake niliiacha pale.

Kesho yake nikapanda basi la kurudi. Tuliposimama Babati nilimpigia shangazi. Nikamweleza kwamba habari ya maji hakuna, na kwamba wanataka kuja tena na jani lao. Nikamsihi siku hiyo asiwepo nyumbani, aende kanisani, aende sokoni, popote.

"Waje tu," alisema. "Nitamfungiaje mlango mtu mwenye isale?"

Nimerudi Dodoma na jambo moja tu la kuwasimulia. Wazee wetu walipoiweka desturi hii walimfikiria mwizi, walimfikiria hata muuaji. Hawakumfikiria mkosaji anayekuja na mpiga picha.