Heshima ya Kukalishwa

Mwanamke huyu alidhulumiwa kwa kusifiwa. Katika karakana ya sare za shule alikofanya kazi tangu usichana wake, hakuibiwa wala hakutukanwa. Alikalishwa kitini, na kukalishwa huko kukaitwa heshima.

Desturi ya karakana, ambayo wenyewe waliionea fahari kana kwamba ni hekima, ilikuwa hii: mwanagenzi husimama, fundi huketi. Mwanagenzi alikata vitambaa kwenye meza ndefu, akapiga pasi, akabeba marobota. Kadiri mtu alivyopanda ujuzi, ndivyo alivyopunguziwa sababu za kunyanyuka. Fundi wa kola, aliye juu ya wote, aliletewa kila kitu pale pale kwenye cherehani: nyuzi, vipande, chai iliyokolezwa sukari, na mchana biskuti na soda ya pongezi. Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa fundi huyo, nao walimwita Mama Kola. Hakuna mwingine aliyeweza kuigeuza ncha ya kola ikachongoka bila kutoboka. Basi akakaa, mwaka ukaingia, mwaka ukatoka, na kilemba chake cha ukoka kichwani.

"Malkia hanyanyuki," msimamizi alipenda kusema, akiitua soda kwa mkono wa mtu anayejiona mkarimu. Anayenenepesha kuku naye hujiita mkarimu, mpaka siku ya kisu.

Siku hiyo ilianza kunukia alipovuka miaka arobaini na kitu. Vidole vyake viliamka asubuhi vikiwa vigumu kama vijiti. Magoti yalivimba. Alikuwa na uchovu usiotibiwa na usingizi, na usingizi wenyewe ulimjia kwa vipande, maana joto lilimpanda shingoni, na kando yake alilala mume aliyevuta sigara kitandani kama bomba la kiwanda. Taratibu ncha za kola zikaanza kupinda.

Wa kwanza kuziona alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona vifungo kwenye cherehani ya jirani na ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Wifi, hii ni kola au kisigino?"

"Kisigino cha kaka yako. Kama hukijui, njoo nyumbani ukisugue."

"Ah, mimi nilikisugua utotoni, zamu yako sasa!"

Walicheka. Msimamizi hakucheka. Alizipanga kola zilizoharibika mbele yake, akatamka kwa upole ule wa watu wanaokunyonga kwa kamba ya hariri: "Mama, umetutumikia sana. Lakini ncha hizi zisiponyooka kufikia mwisho wa mwezi, itabidi ukapumzike nyumbani, ucheze na wajukuu." Wajukuu hakuwa nao. Alikuwa na kazi hii tu, na mikono iliyoijua.

Akaenda zahanati. Daktari, kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko alivyopimwa mgonjwa, hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Una umri gani, mama?"

Akamtajia.

"Basi ndiyo hiyo. Uzee unabisha hodi. Meza tembe hizi za maumivu, halafu jitahidi kukaa, upumzike."

Kukaa! Amesomeshwa miaka yote ile, vitabu vikamlemea mgongo, ili aje kumwandikia samaki dawa ya kuoga.

Alimeza alichopewa, na ncha hazikunyooka. Ndipo akaenda hospitali ya mbali kidogo, kwa daktari mwanamke wa rika lake. Huyu alimbonyeza vifundo kimoja kimoja, akapima damu, na majibu yalipotoka akamwambia, "Nisimulie siku yako, tangu unaamka."

Mama Kola alisimulia, tena kwa majivuno. Daktari akaweka kalamu chini.

"Yaani hunyanyuki kabisa?"

"Ninyanyuke nifuate nini? Naletewa."

"Hata maji?"

"Maji sinywi, dada yangu. Ukinywa maji utakwenda haja, ukienda haja utanyanyuka, ukinyanyuka watasema fundi ana kazi gani huko nje?"

Daktari aliivuta karatasi ya majibu ya damu. "Nimetafuta baridi yabisi ile inayokula viungo, sikuiona. Ninachokiona ni uvimbe wa ndani usiotulia, kama moto mdogo usiozimika. Umri una sehemu yake, sikufichi. Homoni zikishuka, mwili hupoteza mlinzi. Lakini sukari, moshi, usingizi mbovu na hicho kiti, hizo zote ni kuni. Dawa nitakupa. Kunyanyuka siwezi kukunyanyukia."

Kesho yake aliomba ashone asubuhi, na mchana aache kiti, asimame kwenye meza ya kukatia. Karakana nzima ilipasuka kwa kicheko.

"Umejishusha cheo mwenyewe?" msimamizi aliuliza. "Meza ile ni ya wanagenzi. Fundi wa kola hasimami."

"Wifi, usituaibishe," alinong'ona wifi. "Ukoo mzima tunajivunia kiti chako."

"Basi kikalie wewe."

Akazima cherehani, akarudisha soda mkononi mwa msimamizi, akaenda kwenye meza ndefu na kushika mkasi. Alijua fika kwamba huenda jioni asiwe na kazi. Msimamizi, kwa hasira, akamketisha wifi kwenye kiti kitukufu. Kufikia siku iliyofuata wifi alikuwa ametoboa kola kama chekeche, naye mwenyewe ndiye aliyepaza sauti: "Jamani, mrudisheni mwenzangu kabla watoto hawajavaa soksi shingoni!"

Msimamizi alikuja mezani, shingo imemlegea. "Rudi, mama."

"Asubuhi nitaketi. Mchana nitakuwa hapa."

"Na shule zikifungua, kazi ikizidi?"

"Hata zikifungua. Na huyu wifi nitamfundisha ncha, nisije nikawa mateka wa ujuzi wangu."

Msimamizi alikubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Nyumbani, mume naye alihamishiwa barazani na sigara zake. Alilalamika kwamba anaonewa, kana kwamba moshi nao una haki ya ndoa. Chai ilipunguziwa sukari kidogo kidogo. Vidole havikurudi kuwa vya msichana, na asubuhi nyingine bado vinagoma, lakini vinafumba, na ncha zinachongoka.

Wengine nao wakadai zamu ya namna hiyo, na tangu Juni 2023, kila fundi wa karakana ile, wa kola au wa vifungo, huketi nusu ya zamu na husimama nusu nyingine. Na msimamizi huwaeleza wageni kwamba wazo lilikuwa lake.