Bastola Saba na Kidole Kimoja

Shemeji yangu Hobart Sizemore alikuwa mwashi kwa miaka arobaini na moja, na nusu ya dohani za bonde letu la Kentucky ni kazi ya mikono yake. Hakuna hata moja iliyopinda. Kichwa chake nacho hakipindi, na huko ndiko dada yangu Imogene alikopatia mvi.

Huyu bwana alikuwa na bastola kila kona ya nyumba. Si kwamba ni mwindaji wa maana. Kulungu wa kaunti hii wakimwona wanaendelea kula. Ila nyumba yake iko mwisho kabisa wa barabara ya changarawe, na polisi wa kaunti ukimpigia simu anafika baada ya dakika arobaini, tena hapo amekimbiza gari kweli. Basi Hobart akajitungia sheria: bastola ikae mahali ambapo mkono unafika kabla akili haijafika. Moja kwenye kopo la unga wa mahindi. Nyingine nyuma ya televisheni, nyingine chini ya mto. Bafuni alificha moja kwenye kikapu cha taulo, maana alisema mwizi hangoji mtu amalize. Kwenye friza ilikuwapo moja chini ya nyama ya kulungu niliyompa mimi, na moja ilikaa kwenye pikapu. Zote zina risasi. Imogene akitaka kuoka mkate, kwanza anatoa silaha kwenye unga.

Miaka kumi na tano ya ulinzi huo, na adui pekee aliyeingia ni rakuni, kamnyama ka porini kezi wa vyakula, aliyepitia tundu la paka. Hobart alimfyatulia risasi mbili. Rakuni akaondoka zake na kipande cha keki, ikafa mashine ya kufulia. Nilimcheka mwaka mzima na bado sijamaliza.

Sasa wana binti yao mmoja, Tressa, anayeishi Lexington na mtoto wake wa miaka mitatu, Maylee. Mtoto huyo alikuwa hajawahi kulala kwa babu yake hata siku moja. Walikuwa wakija, wanakula, Tressa amembeba kiunoni muda wote kama vile sakafu ina moto, kisha wanaondoka mchana huohuo. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Tressa alipiga simu akasema waziwazi: watakuja kukaa siku nne, mradi kila bastola iwe imefungiwa. Ikibaki hata moja nje, bata mzinga wa sikukuu atamlia hukohuko Lexington, na habari ya mjukuu kulala pale baba yake aisahau.

Hobart alifura. Alisema bastola iliyofungiwa ni jiwe tu, na mwizi hatamsubiri atafute ufunguo na miwani. Alisema na mengine, ambayo siwezi kuyarudia kwa kuwa mimi ni shemasi. Lakini kesho yake nilimkuta anapaka rangi ya manjano kile chumba cha zamani cha Tressa, na kando yake kuna kitanda kidogo alichokitengeneza mwenyewe. Mwashi na mbao, wapi na wapi. Kitanda kilipinda hadi kinatia huruma. Hapo nikajua mzee kwisha habari yake.

Tukaenda mjini akanunua kasha la chuma la kukazwa sakafuni kando ya kitanda chake yeye, linalofunguka kwa alama ya kidole. Muuzaji alimhakikishia kwamba mtoto hawezi kulifungua, lakini mwenyewe atalifungua hata akiwa na usingizi. Hobart akalipenda sana. Tukalikaza. Akaweka kidole ili limjue. Kasha likalia pii, taa nyekundu. Akaweka kingine, pii. Alijaribu vyote kumi, akavilamba, akavifuta kwenye suruali, akavipaka mafuta ya nguruwe. Pii. Saruji na chokaa za miaka arobaini na moja zilikuwa zimekula alama zote, na vidole vya shemeji yangu ni laini kama kijiko.

"Kwa kasha hili wewe bado hujazaliwa," nikamwambia.

"Funga mdomo, Dorsel."

Imogene alikuwa mlangoni anakunja taulo. Akaja, akaweka kidole chake kimoja, taa ikawa ya kijani, kasha likamjua, likafunguka. Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kugusa bastola ila kuifuta unga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwuliza Hobart, mwizi akija atamwambiaje, ngoja nimwamshe mke wangu? Vilikuwapo vitufe vya namba pia, lakini alikuwa ameshapandwa na hasira. Akaapa kwamba hatatawaliwa na kidole cha mtu, na kwamba Jumatatu kasha linarudi dukani. Imogene hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba basi ampigie Tressa yeye mwenyewe. Jumatatu ikapita, simu haikupigwa, na kasha halikurudi.

Siku ya Shukrani niliingia kwa mlango wa jikoni kama kawaida yetu, nimeshika pai ya viazi vitamu. Hobart alikuwa ameketi mezani, amenuna, anatoa risasi. Sita zilikuwa zimejipanga mbele ya bata mzinga, ya friza ikidondosha maji. Akasema haya, sita zote, Tressa asije akasema.

"Na ile ya baba yako?" Imogene akauliza.

Hobart akazihesabu tena zile sita. Ile ndogo aliyorithi kwa baba yake aliificha miaka tisa iliyopita, jirani alipoibiwa, mahali ambapo mwizi yeyote asingepafikiria. Aliificha vizuri mno. Hata yeye hakupakumbuka.

"Iko salama," akasema, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Tressa alikuwa amebakiza nusu saa kufika. Tulipekua kwenye masanduku ya vifaa, viatu, kinanda, na dohani, na Hobart akatoka humo mweusi kwa masizi. Mwanzoni nilikuwa namtania. Baadaye nikaacha, kwa sababu alikuwa anapekua mara ya tatu palepale tulipokwisha kupekua. Gari likaingia uani tukiwa hatujapata kitu.

Tressa aliingia, akaona mezani zile sita hazina risasi, akaona kwa mlango wa chumba cha kulala kasha likizisubiri. Akatabasamu. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akamshusha mtoto chini.

Maylee akakimbilia sebuleni moja kwa moja. Imogene alikuwa ameshusha darini asubuhi ile sanduku la midoli ya zamani ya Tressa, akalipangusa vumbi na kulifungua wazi kwenye zulia. Mtoto akachomoa mdoli mkubwa wa kitambaa, akamkumbatia, akaja naye akijikongoja.

"Babu," akasema, "huyu mzito."

Hobart alipiga magoti, akanyoosha mikono polepole, akamwambia mpe babu. Mtoto akampa. Hobart akampeleka yule mdoli pembeni, akaufumua mshono wa mgongoni, akaitoa ile bastola ya baba yake. Ilikuwa na risasi tano.

Tressa alikuwa anavua koti, hakuona kitu. Hobart angeweza kuitia mfukoni na kumaliza mambo, na sisi wawili tungenyamaza. Akaenda akaiweka mbele ya binti yake.

"Hii ni ya saba," akasema. "Niliiweka mwenyewe, nikasahau. Ukimchukua mtoto ukaondoka, sina neno."

Tressa alilia kwanza, kisha akafoka, na hakuna alichosema ambacho mzee hakustahili. Hobart alisimama anapokea, masizi usoni. Tressa alipochoka, mzee akamwita mkewe: "Mama Tressa, njoo na kidole chako." Zote saba zikafungiwa.

Hawakuondoka. Siku ya kwanza Maylee alilala na mama yake. Ya pili alilala kwenye kile kitanda kilichopinda, amemkumbatia yule mdoli, ambaye Imogene alikuwa amemjaza pamba na kumshona upya.

Wiki iliyofuata nilikwenda na miwani yangu, nikasoma kijitabu cha maelezo kilichokuja na kasha, nikamwambia Hobart kwamba tunaweza kumwekea namba zake mwenyewe, ni kazi ya dakika tano. Akaniambia niache ilivyo. Nikamwuliza, je, mwizi akija?

"Nitamwamsha mke wangu," akasema.